Hema Moja na Mukwe Wangu

Siku ya Mungu, kisha ibada, binti yangu mudogo alikuja kwangu hapa muji wa Baraka na kunionyesha picha katika telefone. Ziwa dogo juu mulimani, maji yametulia, na pembeni yake mahema ya rangi. Alisema sehemu hiyo leo ni parke ya serikali, kuna walinzi, na watu wanapanda huko kulala inje siku mbili ao tatu, kwa furaha tu.

“Kwa furaha?” nikauliza. “Nani alibafukuza kwabo?”

“Hakuna aliyebafukuza, mama. Ni vakanse, mapumziko tu.”

Mi nimelala inje na batoto wangu mara mbili, na mara zote mbili ni bunduki iliyotutoa nyumbani. Kwamba muntu mwenye mabati juu ya kichwa ataacha kitanda chake na kwenda kulala chini kwa kupenda, hilo halikuniingia. Lakini nilimunyanganya telefone, nikaangalia tena. Nyuma ya mahema kulikuwa jiwe kubwa lenye kupasuka katikati. Chini ya jiwe hilo tulimuzika mama yangu, wakati tulikuwa tunalima kule juu. Tangu tulipokimbia sijafika, na miguu yangu haipandi tena mulima.

“Tutafika na nini?”

“Gari mpaka pale barabara inaishia, kisha pikipiki.”

Nikamwambia nitaenda.

Wiki nzima nilitayarisha. Nilitwanga mihogo, nikakausha samaki wadogo wa ndakala. Binti alisema watabeba spageti. Nikamwambia baridi ya kule juu haiogopi spageti. Mujukuu wangu wa kike, mwenye miaka saba na anayeniita koko, nilimuahidi nitamuonyesha mahali mama ya koko wake amelala. Kila siku aliniuliza kama jiwe hilo ni kubwa kupita kanisa.

Siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, walileta hema kulijaribu katika kiwanja changu. Mukwe wangu alilisimamisha, kisha akarudi kusimama kwenye lupango, ukingoni mwa kiwanja, kama kawaida yake. Amemuoa binti yangu miaka minane sasa. Katika miaka hiyo hatujala sahani moja, hajapita mulango wa chumba changu, na tukikutana njiani yeye anashuka pembeni, mi ninageuza uso. Ananisalimia kutoka mbali na ninaitika. Nikuambie kweli, meno yake siyajui. Hiyo ndiyo heshima ya bukwe, na sisi wawili tuliichunga vizuri.

Binti alifungua zipu, akatandika mikeka ndani.

“Hapa batoto. Hapa wewe. Hapa sisi.”

“Sisi nani?”

“Mi na baba yabo.”

Kati ya mukeka wangu na wa mukwe wangu kulikuwa nafasi ya sufuria moja. Hakuna ukuta, hakuna hata pazia.

“Nani alipanga hivi?”

“Mi mwenyewe. Hema iko moja tu, nimeiazima kazini. Ni siku mbili, mama.”

“Hata saa moja hapana.”

Alicheka. “Kule kambi ya bakimbizi, ngambo ya ziwa kubwa, tulilala batu kenda chini ya shitingi moja ya plastiki. Dada na bwana yake walikuwa humo, na wewe humo. Yule hakuwa mukwe?”

Maneno hayo hakuna muntu aliwahi kuniambia. Niliamini batoto walikuwa wamelala. Kila siku nilitundika nguo yangu ya kikwembe kati yetu na yule mukwe, nikalala nimegeukia plastiki, nikaamka mbele ya wote asinione usingizini. Yeye na mi hatukulitaja jambo hilo hata siku moja.

“Kule tulikosa pa kwenda,” nikamwambia. “Wewe umechagua.”

Hakucheka tena. Mujukuu aliingia ndani ya hema, akakunja mukeka wangu bila kutumwa, akaubeba mpaka kwenye lupango.

“Koko haendi,” akamwambia baba yake.

Mukwe wangu alinipa mugongo, akasema na mutoto, lakini kwa sauti ya kunifikia mi.

“Umwambie koko, tangu siku ya kwanza nilisema nitalala kwa balinzi. Mama yako ndiye alinicheka.”

Nilimutazama binti yangu. Alitazama zipu.

“Alisema hivyo?”

“Alisema.”

Hapo ndipo nilishangaa kabisa. Nilimulea mi mwenyewe, nilimufundisha mi mwenyewe, na aliyeshika mafundisho yangu ni muntu wa nyumba ingine.

Nikamwita mujukuu. “Umwambie baba yako, kwa balinzi baridi itamumaliza. Alale na muke wake na batoto wake. Koko iko na hema yake.”

Nikaenda nyuma ya jikoni, nikaondoa mahindi yaliyokuwa yakikauka juu ya shitingi yangu ya zamani, nikaikung’uta. Matundu mawili tu. Nikaomba sindano.

“Na umwambie akate miti mine, minene. Ataisimamisha pale kwenye jiwe, mbali na hema yao. Kama balinzi bakikataa, abaambie ni kwa mama yangu.”

Mukwe wangu alichukua panga, akatoka bila kugeuka.

“Utalala pale peke yako, mama?” binti akauliza kwa sauti ndogo.

Mujukuu alikuwa ameisha tandika mukeka wangu juu ya shitingi, na wake pembeni, anapima kama inatosha.