Kanuni Aliyoiandika Nekoye

Zamani nasaba ya ukoo ilikaa vinywani mwa wazee na hakuna mtoto aliyeulizwa tarehe. Siku hizi inakaa kwenye mitambo ya watu tusiowajua, na tarehe ndiyo inayoulizwa kwanza.

Nekoye binti Were hakuwa mtu wa kuvuma. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta mjini Kakamega, na Jumamosi alirudi Navakholo kumsaidia mama yake, Edah, kupalilia mahindi. Mimi ni jirani yao, wa ukoo mwingine, na nilimwona akikua. Were hakumwona. Alikufa bila mtoto, miaka kadhaa kabla Nekoye hajazaliwa, na mdogo wake Osiako akamrithi mjane kama ilivyokuwa desturi. Mtoto aliyepatikana akawa wa Were. Halikuwa siri wala aibu. Nyumba ya marehemu haikuachwa izime, na aliyesema vingine alitozwa mbuzi.

Mwaka jana radi iliiua kompyuta ya ukoo, iliyokaa kwa mwenyekiti ikiwa na majina ya vizazi vyote. Kilichosalia ni nakala kwenye simu ya katibu, Tyson, mwana wa Osiako. Wakamwita Nekoye.

"Safari hii tutaweka kwenye wingu," aliwaambia.

"Wingu ndilo lililotupiga," mwenyekiti akasema, watu wakacheka.

Akawaeleza kwamba kuna kampuni zinazokodisha hifadhidata iliyo tayari. Kampuni hulinda mitambo, huirekebisha na kuchukua nakala kila usiku. Kazi ya ukoo ni kuchagua ukubwa na kuamua nani aingie. Majina yangekaa katika majedwali yaliyofungamana, kila mtu akiunganishwa na baba yake. Na kwa kuwa shamba la babu yao lilikuwa karibu kugawanywa, kamati ya ukoo iliamua mgao ufuate majedwali hayo. Nyumba ya Were ikionekana haina mtoto, kipande alicholima Edah kingekwenda kwa Tyson.

Walikutana sebuleni kwa mwenyekiti, shuka jeupe limetundikwa ukutani, kompyuta ya Nekoye ikimulikwa juu yake kwa projekta ili kila mtu aone. Mimi niliitwa kuwa shahidi wa mpaka, basi. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa msituni. Nekoye alipoanza kazi tu, stima ikapotea. Akahamia intaneti ya simu yake, hifadhidata ikamkataa. Ilikuwa imeambiwa itambue intaneti ya pale nyumbani pekee.

"Si ufungue tu kwa wote, dada?" Tyson akauliza.

"Nikifungua kwa wote, hata asiye wetu ataingia."

"Hapo umesema," Tyson akajibu, akitabasamu.

Nekoye akairuhusu simu yake, akaingia, akayatuma majina. Yalikuwa yanaingia yote au hayaingii hata moja. Tukasubiri. Stima ikarudi, na pale kwenye shuka ukatokea mstari mwekundu.

"Tusomee," Tyson akasema. "Wazee hawaoni mbali."

 Nekoye akasoma: "Nekoye. Baba, Were. Imekataliwa. Mtoto amezaliwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya baba kufa."

Kanuni hiyo aliiweka mwenyewe, inase tarehe zilizoandikwa vibaya, kama alivyofundishwa. Haikumpitia akilini kwamba ingemgusa. Tangu azaliwe alikuwa mtoto wa Were, na hakuwahi kukaa chini akahesabu.

"Nitaiondoa," akasema.

"Uiondoe kwa nini na umeiandika wewe?" Tyson akasema. "Mtambo hauna upendeleo."

"Mtambo haujui kurithi mjane."

"Basi andika baba aliyekuzaa. Si huyo hapo anakunywa chai?"

Nekoye akamgeukia Osiako. "Baba mdogo, mimi ni mtoto wa nani?"

Osiako alikizungusha kikombe mkononi. Mzee wa enzi zetu angesema maneno matatu, "Mtoto wa Were," kikao kikaendelea na mambo mengine. Huyu alimtazama mwanawe, akalitazama shuka. "Mambo ya sasa yana sheria zake," akasema.

Mwenyekiti alikuwa ameinamia simu yake. Mimi katika kikao cha ukoo wao sikuwa na kauli.

"Niiondoe?" Nekoye akauliza tena. Mvua ikaanza kupiga mabati. Funguo zote za mtambo zilikuwa mkononi mwake. Angeweza kuifuta kanuni bila kumuuliza mtu, na alijua, nao walijua.

Alifuta jina lake. Majina mengine yakapita mara moja. Kisha akamfungulia Tyson akaunti, akamwachia aandike neno lake la siri, na akaiondoa akaunti yake mwenyewe mbele ya wote.

"Nakala itachukuliwa usiku huu," akawaambia. "Mkinitaka, mtaniandika wenyewe."

Edah akaingia kutoka jikoni amebeba obusuma, ugali wa wageni. "Imekubali?" akamuuliza bintiye.

"Imekubali, mama."

Mara ya mwisho niliyowaona, Tyson alikuwa ameshaanza kulima kile kipande cha Edah. Edah alikuwa akifagia kaburi la Were, polepole, na Nekoye amesimama kando na mizigo. Alipomaliza, Edah aliuegemeza ufagio kwenye msalaba, wakapanda boda boda moja wote wawili, wakashika njia ya Khwisero, alikozaliwa Edah.