Mkono wa Mzee Beleshi

Saa tano na robo asubuhi, Mzee Beleshi ananawa mikono kwa mara ya pili mbele ya watu. Bomba liko nje, kando ya mlango wa ghala kuukuu ambalo siku hizi ni jiko la jamii, na foleni ya wenye njaa imeshapinda hadi barabarani. Anasugua viganja kwa sabuni ya mche, anapanda hadi kwenye viwiko, kisha anachokonoa kucha kwa kijiti. Hana haraka. Anataka waone.

"Wakiona nimenawa, wengine hupata moyo," anasema huku akijipangusa. "Wengine hata nikioga kwa petroli, hawali."

Mzee huyu ni mchimba makaburi. Kazi hiyo ameifanya tangu ujana, kwenye makaburi ya umma yaliyo nyuma ya gereji za magari, na jina la utani alilopewa huko limemganda hadi uzeeni. Mshahara hana. Hulipwa kwa kaburi: la mtu mzima humpatia chakula cha siku nne hivi, la mtoto nusu yake. Wiki ikipita bila msiba, hulalia chai kavu.

"Wiki yangu nzuri ni mbaya kwa wenzangu," anasema. "Sasa hapo niombe dua gani?"

Anacheka peke yake, kisha anaingia ndani kufunga aproni.

Ndani moshi wa kuni unauma macho. Kuna sufuria kubwa la wali, jingine la maharage, na meza mbili za kupakulia, moja kushoto na moja kulia. Ya kushoto ndiyo yake. Hapo hujitolea kila siku asiyokuwa na maziko, na hapo ndipo alipoonja aibu ambayo mpaka leo akiisimulia anatazama pembeni.

Alifika hapa baada ya kufiwa na mkewe. Kaburi la mkewe alilichimba mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine wa kulichimba. Hawakujaliwa mtoto. Jioni alikuwa akipika kwa kipimo cha watu wawili kwa mazoea, anakula nusu, nusu inachacha.

"Usije ukaandika kwamba nilikuja kwa wema, mwanangu," ananionya. "Nilikuja kutafuta kelele. Nyumbani kwangu hata vyombo vilikuwa vimenuna."

Mpishi mkuu, mama wa makamo aliyestaafu kupikia wanafunzi, alimweka uani kuosha masufuria. Huko hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani, naye hakujisumbua kusema. Alisugua, akasikiliza umbea wa wakata vitunguu, akarudi nyumbani amechoka vizuri.

Kisha mpakuaji wa meza ya kushoto akaugua. Mpishi mkuu akamkabidhi mzee upawa, akamsukuma mbele.

Aliyemtambua wa kwanza ni mchukuzi wa mizigo sokoni, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kuitia wateja.

"Huyu si yule wa makaburini?" akauliza, sahani ikiwa tayari mkononi. "Mimi sili mkono wa mzika maiti. Hata kwa dawa."

Hakuna aliyemtukana mzee, hakuna aliyemsukuma. Walihama tu. Foleni yote ikajimiminia meza ya kulia, akina mama wakivuta watoto wao kwa mkono, naye akabaki amesimama na upawa, maharage yakifanya utando mbele yake.

"Nilitaka kumwambia arudi uani," anakumbuka mpishi mkuu. "Lakini nikamtazama. Ningemwambia vipi, na mimi mwenyewe ndiye niliyemtoa huko?"

Mzee anasema hakushangaa, ila aliumia. Mazikoni watu hupanga mstari, wakapeana mkono wa pole na wafiwa, na hata wasiojuana hushikana. Mstari huo ukifika aliposimama yeye na beleshi lake, hukatika.

"Kule nimezoea," anasema. "Lakini hapa nilidhani..."

Anachota maharage, anayarudisha sufuriani.

Siku ile ile ya aibu, ajuza mmoja alitoka kwenye foleni ya kulia akavuka ukumbi. Walimwita Bibi wa Mkebe, kwa sababu sahani hakuzitaka, alikuja na mkebe wake wa bati. Akauweka mezani kwa kishindo.

"Mwanangu ulimlaza wewe kwa mikono hiyo," akamwambia. "Ilimfaa yeye, itanishinda mimi? Pakua."

Tangu siku hiyo alikula hapo hapo, amekalia ndoo iliyopinduliwa kando ya meza, akipiga soga mdomo umejaa. Kwa miezi kadhaa alikuwa mteja pekee wa meza ya kushoto, na alijua kudeka.

"Ukinipunja maharage, sikubali unichimbie," alikuwa akimtania.

"Wewe bibi huchimbiki," mzee alimjibu. "Umeng'ang'ania dunia kama kupe."

Alichimbika. Masika yalipoanza, kiti chake cha ndoo kilikaa kitupu siku moja, na ya pili. Siku ya tatu wapangaji wenzake wakavunja mlango. Ndugu wa kumzika hakuonekana.

Mzee alilichimba kaburi lile kwenye matope, akakataa malipo. "Alikuwa analalamikia mgongo," ananiambia. "Nikamlainishia chini kwa mkono, nikaokota vijiwe vyote. Najua haina maana. Nilifanya tu."

Mpishi mkuu alizima moto mapema, akaja na yeyote wa foleni aliyekubali kutembea. Walikuwa wachache, na mvua iliwanyeshea. Udongo ulipokwisha kurudishwa, wakabaki wanatazamana. Ulikuwa wakati wa kupeana mkono, na mfiwa hayupo.

Yule mchukuzi alikuwa miongoni mwao. Aliliangalia kaburi, akamwangalia mzee, kisha akamwendea akiwa amenyoosha mkono.

"Pole, mzee wangu."

Mzee Beleshi akaficha wake mgongoni. "Mkono huu una udongo wa kaburi."

"Lete, mzee. Umefiwa."

Akaushika kwa mikono yake miwili. Nyuma yake mpishi mkuu, kisha wakata vitunguu, kisha wengine, wote wakapanga mstari mbele ya mchimba kaburi, wakampa pole mmoja mmoja.

"Nililia kama mtoto," anasema mzee. "Mke wangu sikumlilia vile. Hakukuwa na mtu ambaye ningelia mbele yake."

Saa sita, milango inafunguliwa. Nisidanganye: foleni ya kulia bado ni ndefu. Wapo wanaofika mbele ya mzee, wakakumbuka, wakahama na sahani zao, hata baada ya sabuni yote ile. Ya kushoto ina watu kumi na kidogo, na mbele yao kabisa amesimama mchukuzi. Mkebe wa bibi uko jikoni, mpishi mkuu anapimia chumvi.

Namuuliza mzee anatarajia nini mbele ya safari. Ana kikohozi kisichompa nafasi, na magoti yameanza kumgomea shimoni. Anasema kwa miaka mingi lililomkosesha usingizi ni swali moja tu: mchimbaji akifa, atachimbiwa na nani?

"Nimemwomba huyu," anasema, akimwonyesha mchukuzi kwa upawa.

"Akasemaje?"

Mchukuzi anamwahi kujibu, sahani ameinyoosha.

"Nilimwambia nitachimba. Lakini leo nina njaa, mzee. Nipakulie."