Kikofia Mdomoni mwa Bubu

Mkwe wangu si bubu, ila karakana nzima humwita Bubu. Huyu mume wa binti yangu ni fundi wa kompyuta kuukuu, zile ambazo ukiziwasha zinakohoa kwanza, zinatema mate, ndipo zinakuuliza shida yako. Za siku hizi ukizichomekea kadi ya kuziongezea kazi hupangana zenyewe. Za zamani hazina adabu hiyo. Kila kadi ina namba yake ya kuitikia, na namba huwekwa kwa kikofia cha plastiki, kidogo kama punje ya mtama, kinachovishwa juu ya vijiti viwili vya chuma. Kadi mbili zikiwa na namba moja ni kama wake wenza: mume akiita "mke wangu" wanaitika wote, na hapo ni patashika nguo kuchanika.

Kikofia kikianguka sakafuni ndiyo basi tena, kwa hiyo Bubu hukibana midomoni mpaka akivishe. Ndiyo maana haongei kazini. Akifungua mdomo, watu wanajua kazi imekwisha.

Kompyuta ya karakana ile, kwa kadi yake moja, inaendesha kisu cha kukatia sponji za magodoro, kirefu kama kitanda. Chini ya kisu hicho binti yangu hutia mikono siku nzima, akinyoosha sponji. Siku moja nilikuwa nimekaa mlangoni, nachambua mabaki ya kujazia mto wangu.

Tajiri, mwenye karakana, alitaka kadi ya pili, ya kupokelea maagizo kutoka dukani. Akamwinamia Bubu kama nzi juu ya kidonda.

"Fundi, mbona kimya? Unataga?"

Wafanyakazi wakacheka. Bubu naye kicheko kikamponyoka puani, akapaliwa, akameza mate.

"Haya, tayari?"

"Tayari, bosi." Akafunga mfuniko, akaiwasha.

Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu aliyekwamwa na kitu. Binti yangu alikwisha kupeleka mkono chini ya kisu; akausimamisha hewani.

"Baba watoto, kikofia umekivisha?"

Mumewe akashika koo.

"Nilidhani nimekivisha," akanong'ona.

Binti akarudisha mkono, akachukua ufagio, akasukumia sponji chini ya kisu. Tukangoja. Huko dukani mtu akatuma agizo. Taa ya kadi mpya ikapepesa, na kisu, ambacho hakuna aliyekiamuru, kikashuka. Kilikata ufagio, kikakata sponji, kikakata meza na kivuli cha meza. Kichwa cha ufagio kikabingirika mpaka miguuni pangu. Kisha kisu kikapanda tena, polepole, kama mtu anayevuta pumzi.

"Hitilafu ndogo hiyo," tajiri akasema. "Maagizo yanangoja. Mama, endelea."

Binti yangu akaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Tangulia wewe, bosi. Tia mkono wako, mimi nitafuata."

Tajiri akacheka peke yake. Akakunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Taa ikapepesa tena. Akakitazama kisu, akaushusha mkono wa shati, akafunga na kifungo.

"Itoe hiyo kadi," akamwambia Bubu.

Bubu akazima mashine, akaichomoa. Mimi nilidhani tajiri ataitupa. Aliipuliza vumbi, akaitia mfukoni, akapapasa mfuko.

Mpaka leo binti yangu, kabla ya kutia mkono chini ya kisu, hutazama kwanza mfuko ule.