Aliyekuja Kumchukua Paloma

Mke wangu anasema niliota. Sawa, lakini mtu anaotaje akiwa amesimama, kashika hatamu, buti zimejaa matope? Niamini, haya yalinikuta mwaka 2018, kusini mwa DeSoto, huku Texas, na mimi siyo mtu wa kutafuta visa. Dunia yangu ni kazini, dukani, nyumbani, basi.

Aliyenitoa humo ni shemeji yangu Barnaba, anayemhudumia mzee mmoja Mmarekani mwenye shamba. Mzee alikuwa amelazwa hospitali, na wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu: Paloma, farasi wake mwenye mimba. Paloma ni Galisenyo, wale farasi wafupi walioletwa huku na Wahispania zamani. Wazazi wa mzee walichunga ng'ombe wakiwa juu ya farasi hao, watoto wakawapanda kwenda shule. Leo waliobaki ni wa kutafuta kwa tochi. Mimba ile ikiharibika, ukoo wa Paloma umeishia hapo.

Asubuhi hiyo uchungu ukamshika vibaya. Ukungu ulikuwa mzito, Barnaba akaenda barabarani kumwongoza daktari wa mifugo asipitilize geti.

"Shemeji, mshikie hatamu tu. Kazi ya kusimama nayo itakushinda?"

"Nenda bwana! Akinipiga teke, dada yako mjane."

Nikabaki. Paloma anahema, mimi nahema kumshinda. Ndipo nje ya banda mtu akasema, taratibu kabisa: "Hodi."

Wewe uliyelelewa kwetu ungefanya nini? Mdomo ulitangulia: "Karibu!" Akili ikafika baadaye: hapa Texas, shambani kwa Mzungu, nani wa kupiga hodi?

Akaingia mzee mwembamba, kofia pana, koti linachuruzika maji. Mvua haikuwa imenyesha. Akapita kwenye matope ya mlangoni bila kuacha hata alama. Mkononi ana kamba iliyosukwa kwa singa za farasi. Paloma, anayemng'ata hata Barnaba, akainamisha kichwa. Uchungu ukakatika ghafla. Akaanza kumfuata yule mgeni!

"Nimemfuata wangu," mzee akasema, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu.

Nikavuta hatamu. "Shikamoo, mzee wangu. Nimekukaribisha ukae. Sijakukaribisha uondoke naye."

Kisha akacheka bila sauti. "Marahaba. Basi nitakaa."

Akakaa juu ya marobota ya nyasi. Hapo hapo Paloma akalala chini, uchungu ukarudi, na Barnaba na daktari walipoingia mtoto alikuwa anahangaika kusimama, miguu kama njiti. Juu ya marobota hapakuwa na mtu. Palikuwa na maji tu.

Mwenye shamba alitoka hospitali, akamkumbatia yule mtoto, akalia. Vizuri. Mimi je? Tangu siku ile, kila asubuhi ya ukungu, kochi letu linabonyea upande wa pili, polepole, kama mtu anajiweka sawa. Nikipapasa, pamelowa na pananuka farasi. Mke wangu analaumu springi. Barnaba anauliza kama mgeni wangu anakunywa chai ya maziwa au ya rangi.

Cheka tu. Lakini ukisikia hodi, popote ulipo, chungulia kwanza. Muulize ni nani na amefuata nini, ndipo umkaribishe. Mimi nilimwambia akae. Sikumwambia mpaka lini.