Daktari wa Sialjhuri

Nilikuwa askari wa Bunge la jimbo letu kwa miaka ishirini na sita, na zamu yangu ilikuwa roshani ya wageni. Mgeni huko juu haruhusiwi kuongea, kupiga makofi, kusinzia, kusoma gazeti wala kukunja nne. Chini, kwa waheshimiwa, hayo yote yanaruhusiwa, na kung'oa maikrofoni juu yake. Nimewatoa watu wengi pale kwa mkono wangu huu, kisha nikaenda nyumbani nikala nikalala. Kumudini Bhoi peke yake ndiye aliyeninyima usingizi.

Alikuwa nesi mkunga wa kituo cha afya cha Sialjhuri, kule kwenye milima ya magharibi, ambako basi hufika mara moja kwa siku na wakati wa mvua halifiki kabisa. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo. Kumudini alisoma mpaka darasa la kumi huku mikono yake ikimsaidia baba kwenye kitanda cha kufumia, akaenda chuo cha wakunga, akapangiwa Sialjhuri akiwa na miaka ishirini na miwili. Hakuhama tena. Mumewe alifariki mapema na mtoto hawakujaliwa, lakini nusu ya kijiji kile imezaliwa mikononi mwake, na wanaume wenye ndevu zao bado anawaita kwa majina ya utotoni mbele ya wake zao. Ni mfupi, mweusi, anatafuna tambuu kutwa, na ana sauti ya kliniki, ile isiyopanda wala kushuka lakini unatii.

Kituo chenyewe kilikuwa na vyumba vinne, friji ya mafuta ya taa, na ubao mlangoni wenye jina la daktari. Daktari hakuwepo. Miaka sita nyuma alikuja asubuhi moja Kumudini akiwa kijiji cha pili anazalisha, akasaini kitabu cha kuripoti kazini, akanywa chai, akaondoka na basi lilelile lililomleta. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wahenga hawakuwahi kuajiriwa serikalini, kwani mshahara wa bwana yule ulikuwepo kila mwezi.

Ndani ya friji kulikuwa na dawa ya sumu ya nyoka, chupa thelathini, na zilipokaribia kuisha muda wake zililetwa mpya. Ila amri ya idara ilisema sindano ile isichomwe bila maagizo ya daktari kwa maandishi, maana wapo wanaoikataa mwilini wakafa papo hapo. Wilaya ya jirani nesi mmoja aliichoma kwa huruma yake, mgonjwa akafa, nesi akafungwa miaka miwili. Kumudini alimjua, walisoma pamoja.

Msimu wa kupandikiza mpunga, mtoto wa miaka tisa aitwaye Phulamani aliumwa na swila kwenye tuta la shamba, saa nne asubuhi. Walimleta kituoni amebebwa mgongoni, bado anaongea. Kumudini alimfunga mguu kwa bandeji na kipande cha mbao, akampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi barabara kuu ili wapate gari la hospitali ya wilaya, kilomita arobaini na moja. Phulamani alifariki kabla hawajaiona barabara kuu. Aliporudi kituoni, Kumudini alifungua friji akaziangalia zile chupa. Aliniambia hakulia. Alifunga friji, akaketi, akamwandikia mbunge barua.

Mbunge wao alikuwa Trilochan Pradhan, mtu wa upinzani, mwenye kifua cha jogoo na sauti ya kuuza viazi. Simnyimi haki yake: aliipeleka barua ikawa swali la kujibiwa kwa mdomo, na kwenye orodha ya siku likawa namba saba. Je, ni kweli kwamba kituo cha Sialjhuri hakina daktari kwa miaka sita? Ikiwa ndiyo, ataletwa lini? Akamtumia Kumudini kibali cha roshani. Mwanamke yule akapanda mabasi mawili na treni moja, safari ya siku nzima, ili asikie kwa masikio yake waziri atasema tarehe gani.

Nilimpokea mimi. Akaketi safu ya mbele, sari nyeupe yenye mpaka wa bluu, mikono mapajani. Nikamwambia, "Dada, tambuu humu hakuna. Kateme nje."

"Nimeshatema, kaka. Huu ni ulimi wangu tu."

Kengele ikalia, Spika akaingia, wote wakasimama. Maswali yana saa moja tu. Namba moja, ya pili na ya tatu zilikwenda vizuri, na nikamwona Kumudini akihesabu kwa vidole. Hapo waziri mmoja akasema kiongozi wa upinzani asingeuliza alilouliza kama jana asingekuwa amelala kitini.

Basi. Upinzani wote ukamwagika katikati ya ukumbi, mbele ya kiti cha Spika. Afute neno "amelala". Hafuti. Afute. Upande wa serikali nao ukasimama kuapa kwamba walimwona kwa macho yao, tena anakoroma. Wapo waliogonga meza, wapo waliochana karatasi. Na aliyepanda juu ya meza ya waandishi wa kumbukumbu, kanzu amekunja hadi magotini, alikuwa Trilochan Pradhan mwenyewe.

"Yule si mheshimiwa wetu?" Kumudini akaninong'oneza.

"Ndiye. Usiongee, dada."

"Hajui kwamba namba saba ni ya kwake?"

Nikaweka kidole mdomoni.

Dakika thelathini na nane zilikwenda kwa neno moja. Mwishowe Spika akaamuru "amelala" lifutwe kwenye kumbukumbu na badala yake liwekwe "ametulia", pande zote zikashangilia kama timu zilizotoka sare, na Trilochan akashuka mezani akijifuta jasho, mtu aliyefanya kazi ya siku. Spika akatazama saa. Muda wa maswali umekwisha, akasema, majibu yaliyobaki yahesabiwe yamewasilishwa mezani.

Kumudini akanifuata mlangoni. "Kaka, mezani ni wapi? Na mimi naweza kwenda?"

Nilikuwa na bunda la majibu yaliyochapishwa, tunawagawia waandishi wa magazeti. Nikampa karatasi moja. Alisoma amesimama, akarudia tena. Iliandikwa hivi. Swali la kwanza, je, kituo hakina daktari: "La hasha. Nafasi hiyo imejazwa." Swali la pili, ataletwa lini: "Halihusiki."

"Halihusiki," akasema. Akaikunja karatasi mara nne, akarudi kwenye kiti chake akaketi. Nilidhani yamekwisha. Kumbe sijui watu.

Shughuli iliyofuata ilikuwa muswada wa matibabu ya waheshimiwa, yaani mbunge, mkewe, watoto wake, na sasa waongezwe wazazi na wakwe, watibiwe popote nchini kwa gharama ya jimbo. Ukumbi ulikuwa mtulivu utasema darasa la watawa. Hakuna aliyelala, hakuna aliyetulia. Spika akauliza wanaokubali. "Ndiyo," ikatoka pande zote mbili kwa sauti moja, ya serikali na ya upinzani. Wanaokataa? Kimya. Dakika nne, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Watu waliokuwa tayari kutoana macho kwa ajili ya usingizi walikuwa wamekuwa ndugu wa tumbo moja. Nilizoea mambo hayo, na ndiyo aibu yangu, kwamba nilizoea.

Kumudini akasimama. Hakupiga kelele, alitumia ile sauti ya kliniki, na ukumbi mzima ulimsikia.

"Bwana Spika, jibu la namba saba ni la uongo. Daktari hayupo. Mimi ndiye nesi wa pale. Dawa ipo kwenye friji na mtoto amekufa."

Vichwa vikainuka. Spika akasema bila hata kuangalia juu, "Chochote kitokacho roshani kisiandikwe. Askari, mtoe."

Nikamshika mkono. Nilimshika kwa nguvu, nisijitie wema ambao sikuwa nao. Akaniambia taratibu, "Usinivute, kaka, natembea mwenyewe."

Adhabu ikatolewa hapohapo: azuiliwe hadi Bunge litakapoahirishwa jioni. Kwenye ngazi tukakutana na Trilochan Pradhan anapanda mbiombio, uso umemvimba.

"Mama, umenivunjia heshima. Mimi nimekupigania, nimekuulizia swali, jina langu limechapishwa na lako nikalitaja kwenye barua. Hii ndiyo shukrani?"

"Uliniulizia, mheshimiwa," Kumudini akasema. "Tatizo ukapanda mezani wakati wa kujibiwa."

"Ile ilikuwa heshima ya kiongozi wa chama. Wewe mambo ya siasa huyajui."

"Siyajui. Phulamani pia hakuyajua."

Akageuka akateremka. Alisahau kwamba alikuwa anapanda.

Sasa, Bunge letu lina desturi. Mtu akikamatwa roshani, kabla ya kufungiwa hupelekwa zahanati ya Bunge apimwe, ili kesho asije akadai tulimpiga. Zahanati hiyo iko ghorofa ya chini, karibu na mgahawa wa waheshimiwa. Ina vitanda viwili vyenye mashuka meupe, kiyoyozi, magari mawili ya wagonjwa nje yenye madereva wanaocheza karata, na daktari mmoja ambaye kazi yake kubwa ni gesi ya tumbo, maana mgahawa ule unauza kwa bei ya bure na waheshimiwa hawajui kuacha. Mtu mpole, nywele amezipaka mafuta vizuri. Ulikuwa mwaka wa sita namsalimia kila siku.

Akampima Kumudini presha. "Iko juu, dada. Umekasirika?"

"Kidogo."

Akajaza fomu, akasaini, akagonga muhuri, akamsukumia asaini na yeye. Kumudini akainama juu ya karatasi na hakuinuka. Kidole chake kilikuwa juu ya muhuri.

"Debiprasad Rath," akasoma. "Wewe ndiye Daktari Debiprasad Rath?"

"Ndiye."

"Wa Sialjhuri?"

Daktari akaweka kalamu chini. Mimi nilikuwa sielewi kitu. Kumudini akanigeukia, akanifafanulia kama anamfafanulia mgonjwa asiyesikia vizuri, "Kaka, huyu ndiye daktari wangu. Jina lake lipo mlangoni kwangu, mimi mwenyewe naufuta ubao kila Jumatatu."

"Niliazimwa huku," daktari akasema. "Kwa muda tu. Kuna barua. Kila mwaka wanaongeza."

"Uliomba urudi?"

Daktari akaanza kupanga vitu mezani ambavyo vilikuwa vimekwisha pangwa. "Dada, mimi nina watoto wanasoma hapa. Hata nikirudi, watampeleka mwingine ambaye naye ataazimwa. Unajua mambo yalivyo."

Hasira niliyoisikia hapo sikuwahi kuisikia ndani ya jengo lile, na nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe. Miaka sita nilikuwa namfungulia mlango daktari wa wale watu. Nilikuwa nakunywa dawa zake za kikohozi bila kujua ni za nani.

Kumudini yeye hakugomba. Alivuta kiti akaketi mbele yake. "Sikiliza, mwanangu. Serikali imechapisha leo kwamba upo Sialjhuri. Sina ubishi na serikali. Kama upo, fanya kazi. Andika."

"Niandike nini?"

"Maagizo. Kwamba mimi, nesi wa kituo chako, nikiletewa aliyeumwa na nyoka mwenye dalili, nichome dawa, chupa kumi, na pembeni niweke sindano ya kumwokoa mwili wake ukiikataa. Kipimo unakijua, kiandike. Tarehe, sahihi, muhuri."

"Wakinibana?"

"Watakubana kwa lipi? Wewe ndiye daktari wa pale."

Aliandika. Ukurasa ukajaa mbele na nyuma, vipimo vyote, dalili zote, kazi safi ya mtu aliyesoma akasahau alisomea nini. Alipomaliza alimpa kwa mikono miwili. Kumudini akaifunga kwenye pindo la sari. Jioni Bunge lilipoahirishwa nilimtoa kwa lango la wageni, nikamnunulia wali wa maji, ule wa kulowekwa, na samaki wa kukaanga, akala wote. Nikamwomba msamaha kwa mkono niliomshika. "Ni kazi yako, kaka," akasema, na maneno hayo yalinichoma kuliko kama angenitukana.

Mwezi wa pili baada ya pale, mkulima aitwaye Sukuru Majhi aliumwa kifundo cha mguu akikata nyasi. Kumudini alichoma chupa kumi, na mchana kutwa hakubanduka kando ya kitanda cha mgonjwa. Sukuru akapona. Habari ikafika wilayani, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita gari la idara likapanda mlima ule. Alikuja mganga mkuu wa wilaya mwenyewe, na kilichomleta ni kumuuliza nesi nani alimruhusu.

Kumudini akamtolea karatasi. Mkubwa akaisoma pande zote mbili, akaangalia tarehe.

"Siku hii Daktari Rath alikuwa makao makuu," akasema kwa ukali. "Hakuwepo kituoni."

Kumudini akamletea kalamu na kitabu cha wageni, akakifungua mbele yake.

"Naomba uliandike hilo hapa, bwana mkubwa, kwamba daktari hayupo. Usaini."

Nilisimuliwa na Sukuru, aliyekuwa amelala kitanda cha dirishani. Mkubwa alishika kalamu, akakiinamia kitabu. Kisha akaiweka chini, akamrudishia nesi karatasi yake, akaondoka bila kuandika neno.