Usiifundishe Risiti Uongo

Naikumbuka siku ya msiba wangu hapa Nshamba kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi. Mume wangu alikuwa bado ndani, hajaoshwa, wanawake wanalia, na shemeji yangu Rwegasira akanivuta pembeni kwa sauti ya huruma: "Shemeji, zile risiti za duka umeziweka wapi? Nikutunzie, watu ni wengi humu."

Mwanangu, mtu anayeulizia risiti kabla hajauliza maiti anazikwa saa ngapi, usimgeuzie mgongo. Nikamjibu labda marehemu alizichoma.

Hazikuchomwa. Zilikuwa jikoni, juu ya moshi, nimezidunga kwenye spoki ya baiskeli niliyoikunja ncha. Kila nilichonunua, karatasi yake ilidungwa siku hiyohiyo, ya leo juu ya ile ya jana. Mume wangu alikuwa akinitania: "Leo tena mishikaki ya karatasi? Pilipili iko wapi?" Mtu mzuri, Mungu amrehemu, ila hakumshuku mtu yeyote duniani, hasa nduguze. Wasiwasi wote wa nyumba ile niliubeba mimi.

Na kazi hiyo nilifundishwa kwa kukaripiwa. Wakati askari wanarudi kutoka vitani Uganda, niliuza maharage niliyoyalima mwenyewe, nikaenda Bukoba mjini kununua chumvi na vitambaa kwa Mzee Hamisi, muuza jumla wa mtaa wa Bakoba. Akashika kalamu: "Jina?" Nikamtajia la mume wangu. Kwetu Wahaya, mke mwenye adabu halitangulizi jina lake. Mzee akaweka kalamu chini, akachungulia nyuma yangu.

"Huyo bwana mbona simwoni?"

"Yuko nyumbani, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu.

"Aliyenipa pesa ni nani?"

"Mimi."

"Basi unaifundisha risiti uongo, halafu siku moja utaitaka ikusemee ukweli? Adabu mpelekee mumeo na chakula chake. Hapa taja jina lako!"

Niliona aibu mpaka masikioni. Nikataja: Kokushubira. Darasa la pili nililoishia lilinitosha kuhakikisha ameliandika sawa.

Sasa turudi msibani. Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa. Kibanja kilirudi kwa ukoo, sikubishana, migomba ile ilikuwa yao kabla yangu. Ndipo Rwegasira akasimama.

"Na duka ni la kaka yetu. Huyu alikuja hapa na kikapu kimoja. Hajui hata kuandika, duka atalitoa wapi? Tena vitambaa vyake ndivyo vilivyomuua!"

Ugonjwa uliomchukua mume wangu ni huu wa UKIMWI; siku zile watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Nami nauza vitambaa. Fikiria macho waliyonitolea. Nilikuwa na watoto watatu, na zaidi ya duka lile sikuwa na cha kuwalisha.

Nikaingia jikoni, nikatoka na spoki imejaa masizi. Sikumpa mtu aishike. Niliishika mimi mwenyewe, katekista akafunua na kusoma: chumvi, Kokushubira. Vitambaa, Bukoba mjini, Kokushubira. Sabuni, Kokushubira. Wazee wakaanza kuchungulia lubisi, pombe yetu ya ndizi, ndani ya vibuyu vyao.

"Kaziandika mwenyewe hizo!" Rwegasira akafoka.

Mzee wa ukoo akamtazama. "Si umesema hajui kuandika? Chagua moja, mwanangu."

Watu wakacheka, na msiba haujapoa.

Lakini ilibaki moja, ya cherehani. Nilikuwa nimejifungua, nikampa mume wangu pesa akaninunulie. Aliporudi nikaona jina lake kwenye karatasi, nikanung'unika. Akasema, "Jina langu na lako si moja?" Nikaona haya kubishana, nikaidunga. Katekista akalisoma jina lile kama lilivyoandikwa. Rwegasira aliondoka na cherehani kichwani siku hiyohiyo. Duka nilibaki nalo, likasomesha wanangu wote. Ila kwa miaka mingi, nikipita nyumbani kwake kwenda sokoni, nilikuwa naisikia cherehani yangu ndani, ikimshonea mke wake.

Wewe uliyefungua kibanda juzi, risiti umezijaza mfukoni pamoja na karanga, nasema nawe. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, nami naongeza: na anayeichukua mara nyingi ni mtu mliyekula naye. Kikulacho ki nguoni mwako. Dai risiti hata kwa rafiki. Akinuna, ndipo uidai zaidi. Isome kabla hujatoka dukani kwa watu. Iwe na jina la mwenye pesa, hata kama uliyemtuma ni mwenzi wako unayempenda. Idunge siku hiyohiyo, kwa mpangilio, usisubiri Jumamosi. Na ukikuta mtu ana hamu ya kukutunzia, mpe chai, umsindikize.

Mungu akupe wateja wanaolipa, akupe ndugu wanaokupenda, na ndugu hao wasijue kamwe spoki yako umeitundika wapi.