Kikohozi cha Nyuma ya Ghala

Kwa miaka kumi na moja Devota alikoholea nyuma ya ghala, na hakuna aliyejua.

Alikuwa na utaratibu wake. Alisubiri mashine ya kukoboa ishike kasi, akazunguka nyuma ya viroba vya pumba, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya kitenge na kurudi kazini kana kwamba alikwenda kuhesabu magunia. Akiulizwa mbona macho mekundu, alisingizia vitunguu vya asubuhi. Ni mtu gani huyo anayekata vitunguu kila siku ya Mungu kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, hilo halikumsumbua mtu.

Kinu kilikuwa pale Rujewa, mali ya Karan, kijana aliyekirithi kwa baba yake, mzee Harilal. Devota alitoka Iringa akiwa mjane mwenye watoto wawili, akaanza kwa kufagia, na sasa alikuwa msimamizi wa wanawake kumi na wanne waliochambua mchele na kuzoa pumba. Miezi mingine yote alikuwa mzima wa afya. Mvua zikishanyesha aliimba kwaya bila kukatisha pumzi. Lakini mpunga wa Madibira ukianza kuingia na vumbi lake, pua inawasha, koo linakwaruza, na kifua kinabana kama kimefungwa mkanda.

Alichokiogopa si kifua. Alichokiogopa ni kuonekana. Msimu wake wa kwanza pale, mpakiaji mmoja aliyeitwa Marcelino alikohoa mbele za watu siku tatu mfululizo. Siku ya nne kikombe chake cha maziwa kilitengwa. Wiki iliyofuata msimamizi wa wakati ule akamwambia apumzike nyumbani, atapangiwa kazi nyingine. Hakupangiwa. Wenzake walisema ni TB, wakaridhika, na majibu ya vipimo vyake hakuna aliyewahi kuyauliza. Tangu hapo, kila Devota alipohisi koo linawasha, alimwona Marcelino akitoka getini na ndala zake.

Hayo maziwa nayo yana kisa chake. Pale kinuni kila saa nne asubuhi kila mtu alipata kikombe kizima cha maziwa kutoka kwa wafugaji, kwa sababu kila mtu alijua kwamba maziwa yanashusha vumbi kifuani. Mzee Harilal aliamini hivyo, wapakiaji waliamini hivyo, na Devota aliyeyagawa kwa mkono wake aliamini kuliko wote. Ya kwake alikunywa vikombe viwili.

Basi mwaka jana akaajiriwa Ikupa, binti wa Kinyakyusa, mcheshi, mwenye mtoto mchanga aliyemwacha kwa bibi yake. Mwezi wa sita haujaisha, Devota akamkuta nyuma ya ghala, mahali pake mwenyewe, ameinama anakohoa. Wakatazamana. Devota angeweza kumpeleka kwa tabibu. Badala yake, kwa huruma kabisa, akamfundisha.

"Usikohoe mpaka mashine iungurume," alimwambia. "Lowanisha kitambaa, funika pua. Maziwa usiache hata tone. Na wakikuuliza, sema mafua."

"Asante, mama," alisema Ikupa, na alimaanisha.

Mwaka huu Karan alikwenda kwenye semina Iyunga, akarudi na maboksi ya barakoa na mawazo mapya. Alimpa Devota karatasi.

"Mama, niandikie majina ya wote wanaosumbuliwa na vumbi kila msimu. Wengine ni aleji tu, inatibika. Nataka niwatoe kwenye pumba, niwapangie kazi nyingine."

Kazi nyingine. Devota aliikunja karatasi mara mbili. Kijana yule alikuwa na uso mwema, lakini hata aliyemwondoa Marcelino alikuwa na uso mwema. Usiku kucha aliifikiria ile karatasi. Asubuhi akaandika neno moja, "Hakuna," akairudisha. Karan akafurahi kuwa na wafanyakazi wenye afya kiasi kile, na Ikupa akabaki palepale alipokuwa, kwenye mdomo wa bomba la pumba.

Malori mawili yaliingia siku ile kutoka Madibira, na upepo wa Usangu haukutulia. Barakoa zilikuwa kwenye videvu, maana zilileta joto. Saa nne Devota aligawa maziwa. Kikombe kimoja kikabaki mezani, kikaanza kufanya utando, na alipokitazama akajua ni cha Ikupa.

Alimkuta nyuma ya viroba. Ikupa alikuwa ameketi chini, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na midomo yake imegeuka rangi. Alijaribu kusema akashindwa. Kutoka kifuani kwake ilisikika filimbi nyembamba, kisha hata hiyo ikaanza kupungua.

Jambo la kwanza alilofanya Devota, na kwa hili hajawahi kujisamehe, ni kugeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu amewaona.

La pili, alikimbilia kile kikombe. Alimwekea mdomoni, akimsihi ameze, na maziwa yakamrudi Ikupa puani, akapaliwa, macho yakamtoka. Hapo ndipo Devota alipoogopa kikweli. Alipiga kelele, mashine ikaimeza sauti yake. Alikimbia hadi kwenye swichi kuu na kifua chake mwenyewe kinakataa kupokea hewa, akaivuta chini kwa mikono miwili. Kinu kizima kikanyamaza, na watu wote wakageuka.

Karan aliendesha pikapu mwenyewe hadi kituo cha afya. Njia ile si ndefu, lakini Devota, akiwa amempakata Ikupa nyuma, alihesabu pumzi moja moja, na kila moja ilipochelewa alimtikisa. Alimwahidi Mungu mambo mengi.

Tabibu, Sedekia, hakupoteza muda. Alimvisha Ikupa usoni kifuniko cha dawa ya mvuke, akamchoma sindano, na huku akifanya hivyo akauliza, "Hii ni pumu. Alikuwa anatumia dawa gani?"

Karan alimtazama Devota. Devota alitazama sakafu.

"Maziwa," alisema.

Hakuna aliyemcheka. Ingekuwa afadhali wangemcheka.

Walikaa karibu saa nzima. Polepole mbavu za Ikupa ziliacha kuzama, rangi ikarudi midomoni, mabega yakatulia. Sedekia alipomwondolea kifuniko, Devota aliinama karibu naye, akitegemea atauliza habari za mtoto wake. Ikupa alimshika kitenge, akamvuta, akanong'ona kwa sauti iliyokwaruza.

"Mama, bosi hajanisikia nikikohoa?"

Devota aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Binti alikuwa ametoka mlangoni mwa kifo, na bado alikuwa akiogopa kile alichofundishwa kuogopa.

"Amekusikia, mwanangu," alisema. "Na mimi atanisikia."

Karan alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Devota alinyooka, akageuka kumwelekea, akaacha kukibana kifua, akakohoa.